Mguu wa Bwana Gogo

Kariobangi

Wenzangu wa chama, tangu nirudi sijapita sokoni hata siku moja bila mmoja wenu kunishika mkono na kuniuliza, "Mama Brayo, ulikuwa umebeba nini siku ile?" Mama Kevo ameshawaambia watu kwamba ilikuwa bunduki. Mwingine, ambaye simtaji kwa sababu anajijua, amesema nilikuwa nasafirisha maiti ya mtoto. Nimechoka kusimulia vipandevipande huku wateja wanajaribu viatu. Nimeyaandika yote hapa. Pokezaneni msome, kisha mniache niuze.

Kilichokuwa ndani ya leso ni mguu. Mguu wa kulia, wa mbao, kuanzia chini ya goti, wenye mikanda ya ngozi na vidole vitano vilivyochongwa mpaka kucha. Umekaa juu ya kabati la baba yangu tangu nikiwa mtoto. Mgeni akiuliza ni wa nani, Baba alikuwa akijibu, "Ni wa mtu. Utachukuliwa." Basi mgeni anaendelea na chai yake, na hakuna aliyewahi kuja kuuchukua.

Huyo mtu alikuwa mzungu. Alikuwa kapteni wa jeshi, akapoteza mguu katika ile vita ya kwanza ya Wajerumani. Serikali yake ikampa pensheni, na juu ya pensheni ikampa shamba huku kwetu, Trans Nzoia, nje ya Kitale. Jina lake lilimshinda babu yangu kulitamka. Wafanyakazi wote walimwita Bwana Gogo, na babu, mzee Wekesa, ndiye aliyekuwa seremala wa shamba. Ule mguu aliotoka nao Ulaya ulimtesa, ndipo babu akamchongea huu.

Siku Gogo alipokufa, mguu ulikuwa kwa babu unabadilishwa mikanda. Mvua ilikuwa imenyesha, mto umejaa, hakuna wa kuvuka. Babu alipofika ng'ambo na mguu begani alikuta kaburi limeshafukiwa, akarudi nao kwa aibu. Nyinyi mnaotoka upande wetu mnaelewa. Kwetu Wabukusu mtu hazikwi nusu. Mtu akikatwa hata kidole hospitalini tunakiomba, tunakipeleka nyumbani, tunakizika kimngojee mwenyewe. Babu aliamini kwamba amesababisha mtu azikwe pungufu, na kwake haikuwa hoja kwamba mtu mwenyewe alikuwa mzungu. Shamba likauzwa, wafanyakazi wakatawanyika, yeye akaja Nairobi kufanya kazi katika karakana ya reli. Alikuja na mke, na mtoto wa mgongoni ambaye ndiye Baba, na mguu. Alikufa bado unamsumbua.

Sasa Baba. Mnajua sukari ilivyomshika. Kile kidonda cha mguu wa kulia tulichokuwa tunakiosha kila siku kikageuka cheusi, na daktari akatuambia bila kuzunguka: ukatwe chini ya goti, tena haraka, au sumu ipande na mumzike. Ndugu yangu Simiyu alilia. Mimi niligomba, maana ndivyo nilivyo. Baba akatusikiliza wote wawili mpaka tukamaliza.

"Sikatwi," akasema. "Nyumba hii ina mguu wa mtu ambao hauna kaburi. Mnataka iwe na miwili? Rudisheni wa Gogo kwanza, ndipo tuongee habari ya wangu."

Tulimbembeleza, tukamletea mchungaji, wapi. Kwa hiyo Simiyu akabaki kumuuguza, na mimi nikafunga mguu kwa leso mbili. Nilikuwa nimeshafika mlangoni Baba aliponiita.

"Nekesa, mama."

"Naam, Baba."

"Ukipata mtu aliyemjua, muulize alikuwa anaogaje."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwenda Nakuru

Dereva wa matatu ya Kitale alitaka mzigo uende nyuma na masanduku. Nikakataa, nikaupakata. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo anayepeleka vifaranga Eldoret, wamo ndani ya boksi lenye matundu, wanalia njia nzima. Aliangalia leso zangu mpaka tukapita Limuru.

"Amelala?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Mtoto."

"Si mtoto, mama. Ni mguu."

Alicheka akanipiga paja, akadhani nimemwambia kwa adabu asiniulize mambo yangu. Akanikatia kipande cha kiazi kitamu. Tukawa marafiki kwa msingi huo wa uongo, ingawa mimi nilisema ukweli.

Karibu na Nakuru polisi walitusimamisha. Askari kijana akachungulia ndani, macho yakaenda moja kwa moja kwenye kile kitu kirefu mapajani mwangu.

"Mama, fungua hiyo."

"Afande, ni mguu."

"Nimesema fungua."

Kosa langu ni kwamba nilifungulia upande wa vidole. Aliruka nyuma akagonga kichwa kwenye mlango na kofia ikaanguka nje. Mama wa vifaranga naye akapiga kelele, akajibana dirishani, na urafiki wetu ukapata ufa. Ilibidi nifungue wote, nionyeshe mikanda, nigonge mbao wasikie. Askari akarudi polepole, akagusa ukucha wa kidole gumba.

"Nani alichonga?"

"Babu yangu."

"Ni kama wa mtu kabisa."

"Ni wa mtu," nikamwambia. "Napeleka kwa mwenyewe."

Hakuuliza zaidi. Nadhani hakutaka kujua.

Timboroa

Kule juu Timboroa lori la mbao lilikuwa limelala barabarani, magari yamesimama pande zote mbili. Tukashuka. Wenzangu, kuna baridi na kuna Timboroa. Wanawake wa huko walikuja na chai ya birika na mahindi ya kuchoma, na nilikula mahindi yale nikiwa nimeshika gunzi kwa mikono miwili kwa ajili ya joto lake. Mama wa vifaranga, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu Nakuru, akanijia na haya kidogo. Vifaranga wanakufa baridi, je, nitampa leso moja? Nikampa. Mguu ukabaki nusu uchi kwenye kiti, na abiria wakaanza kupita dirishani kuutazama mmoja mmoja, wengine na watoto.

Nikasimulia. Ningefanyaje? Nikawaeleza habari ya Gogo, vita, shamba, mto. Wengine wakasikitika, wengine wakacheka. Mzee mmoja mwenye koti la sufu alisikiliza mpaka mwisho, akatema ganda la hindi.

"Kwa hiyo mzungu anarudishiwa mguu," akasema. "Na yeye alirudisha nini?"

Watu wakaguna. Nikajifanya nafuata chai nyingine. Niliporudi kitini niliutazama ule mguu kwa jicho jingine. Nilikuwa nimeubeba tangu asubuhi kama amana, na sikuwa nimejiuliza mwenye amana alikuwa mtu wa namna gani. Lori likaondolewa jua limeshaanza kuteremka. Eldoret mama wa vifaranga akashuka, akanirudishia leso ikinuka kuku.

Kitale

Kwenye gesti nilipolala niliusukuma mguu chini ya kitanda. Asubuhi nikaenda kutafuta chai na mandazi. Niliporudi nilikuta ua mzima umejaa watu, msichana wa usafi amekaa chini anapepewa. Alikuwa ameinama na ufagio akakutana na unyayo. Nilimwomba radhi, nikamnunulia soda, nikamwonyesha. Alipotulia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Na ule mwingine?"

Kwa Gogo

Nilimpata kijana wa bodaboda nje ya soko.

"Sasa, mathe. Unaenda wapi?"

"Kuna shamba la zamani la mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Gogo."

"Si useme tu Kwa Gogo. Steji iko, shule iko, hadi kinyozi iko."

"Unajua Gogo alikuwa nani?"

"Gogo ni gogo, mathe. Kuna mti kubwa ilianguka huko kitambo."

Tulikwenda kati ya mahindi yaliyonipita kimo, mguu nimeukumbatia kifuani, hewa inanukia udongo mbichi. Watu wa steji walituelekeza lilipo kaburi la mzungu, akanishusha kwenye boma la mzee Barasa, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa walionunua vipande vya shamba lile baada ya Uhuru. Alinipokea vizuri sana. Kumbe tunatoka ukoo mmoja upande wa mama, akawa ananiita dada. Mkewe akaleta chai ya maziwa matupu na mahindi ya kuchemsha na maharagwe. Tukaongea habari za Nairobi, bei ya mbolea, watoto. Nikaona mambo ni mteremko.

"Sasa, dada, umekuja na neno gani?"

"Nimekuja kuzika," nikasema.

Mzee Barasa akaweka kikombe chini. "Kuzika nani?"

"Kuzika mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wa Gogo. Nasikia kaburi lake liko hapa kwako. Nataka tu kijishimo kando yake."

Mkewe aliacha kumimina chai. Mzee Barasa akasimama, akatoka, akasikika akimwita kaka yake ng'ambo ya ua, na kaka akamwita mzee wa kijiji. Nikabaki na bakuli langu nikishangaa. Walirudi watatu, wakakaa wakinitazama, wala hakuna aliyeniita dada tena.

"Mama," akasema mzee wa kijiji, "wewe ni nani wa Gogo?"

"Si mtu wake. Babu yangu alikuwa fundi wake."

"Aliishi hapa?"

"Aliishi hapa, alijenga hapa, baba yangu alizaliwa hapa."

Wakatazamana. Hapo ndipo nilipoanza kuona nilivyojichimbia, na nyinyi wenye mashamba nyumbani mmeshaona zamani. Kwetu kaburi ndilo shahidi wa ardhi. Watu wakigombania shamba, kitu cha kwanza kuulizwa ni nani wako amelala hapo. Na mimi nimetoka Nairobi, mjukuu wa mtu aliyeishi kwenye lile shamba, naomba kuzika.

"Leo unazika mguu," akasema mzee Barasa. "Kesho unakuja na wakili, unasema, chimbeni pale, kuna wangu."

"Nichukue shamba lako kwa mguu wa mbao?"

"Watu wamechukua kwa kidogo kuliko hicho."

Nikapandwa na hasira. Niliwaambia maneno ambayo mengine siyaandiki. Niliwaambia sitaki shamba, shamba la nini, nauza viatu Kariobangi. Niliwaambia baba yangu anaoza kitandani akiwa hai, na amekataa kisu mpaka mguu huu ulale kwa mwenyewe, na wao wamekaa hapo wanalinda mita moja ya udongo. Kisha nikalia mbele ya wanaume nisiowajua. Wao wakatazama chini, lakini hawakubadili neno. Na niseme ukweli, kama lingekuwa shamba langu nisingebadili pia.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. "Leteni huo mguu nione."

Ilikuwa ni mama yake mzee Barasa, Kukhu Nasimiyu. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya moto, mdogo, amekunjamana, macho yana ukungu. Nilimwekea mguu mapajani. Hakuutazama sana. Aliugeuza, akapitisha kucha zake kwenye unyayo, chini ya vidole, ambako siku zote kulikuwa na mikwaruzo mingi tuliyodhani ni ya panya.

"Hii ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namkuna."

Alikuwa mtoto wa mpishi wa Gogo, amekulia kwenye jiko lile. Akaniambia kwamba mguu ambao haupo huwasha. Gogo alikuwa anaweza kukaa barazani anatukana, anapiga kiti, vidole alivyoviacha kwenye vita vinamwasha. Siku moja akamwambia huyo mtoto akune vidole vya mbao. Akakuna. Mzungu akafumba macho, akatulia. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake kila jioni.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nikasahau machozi. Nilimuuliza kila kitu, na yeye, nadhani, alikuwa na miaka mingi hajaulizwa.

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa na kiboko," akasema Kukhu. "Siku nyingine alikuwa na peremende. Ukitoka asubuhi hukujua utakutana na kipi. Usidhani nakusimulia malaika, mtoto wangu. Baba yangu alichunga ng'ombe wake mwenyewe hapo unapoona mahindi. Akaja huyu, baba akageuzwa kibarua palepale, kisha mpishi. Alipoteza mguu kwao, akalipwa kwetu."

Nikamkumbuka yule mzee wa Timboroa.

Alisema kwamba Gogo alipofika, watu wa shamba walimpa miezi michache. Mtu wa mguu mmoja, kwenye tope lile? Mvua ikinyesha, mguu wa Ulaya unabaki nyuma umenaswa, yeye anaanguka kifudifudi. Watu waligeuka pembeni wacheke. Alikuwa akitambaa mpaka zizini kwa mikono kuhesabu ng'ombe, akirudi amepakaa samadi mpaka nywele. Kila pensheni ikija alikunywa siku mbili, akiimba nyimbo za jeshi. Halafu Wekesa akamchongea mguu mwepesi wenye unyayo mpana usiozama. Akapanda farasi. Akaanguka, akapanda tena. Akazeeka hapohapo, nywele zikawa nyeupe, akawagombeza hata watoto wa wale waliosema hatamaliza mvua moja.

"Na aliuawa na mguu?" nikauliza, nikimfikiria Baba.

"Mguu gani? Alikufa na uzee wake, usingizini."

"Kukhu, na alizikwa bila mguu. Babu alichelewa na mto."

Aliinua uso. "Nani amesema? Alizikwa na ule wa Ulaya. Mimi nilikipiga kiatu chake rangi. Mke wa Gogo alisema huu wa mbao abaki nao Wekesa, ni kazi ya mikono yake. Tulimngoja tumwambie, akaja akasimama kaburini peke yake, akaondoka bila kumsalimu mtu."

Wenzangu, hebu fikirini. Babu yangu aliubeba mguu ule mpaka Nairobi, akafa nao moyoni, kumbe ulikuwa wake. Hakuna deni. Neno moja tu lilikuwa linamngoja upande ule wa mto, na hakuliuliza kwa sababu alidhani analijua.

Mzee Barasa alikuwa mlangoni, amesikia yote. Sijaona mtu akifurahi vile. "Basi, dada!" akasema, undugu umerudi. "Si unarudi nao tu nyumbani?"

Nilimgeukia Kukhu na lile swali. Niliona aibu kuliuliza mbele ya watu.

"Baba ameniambia niulize Gogo alikuwa anaogaje."

Hakucheka hata yeye. Alinitazama kwa yale macho yenye ukungu. "Ameuliza hivyo?" akasema. "Basi huyo hajakataa. Anaogopa." Akanionyesha kwa mikono: kigoda cha miguu mitatu ambacho Wekesa alitengeneza, kamba iliyofungwa kwenye boriti ya kushikilia, maji yakiwa upande wa mguu mzima, kamwe si upande wa pili. Alirudia mara mbili ili nisisahau.

Kabla sijaondoka walinipeleka kaburini. Ni jiwe lililopasuka kati ya mivinje miwili, maharagwe yamelimwa mpaka ukingoni. Mzee Barasa alisimama karibu akiangalia mikono yangu, nisije nikatoa jembe. Nilimwambia Gogo kwamba huu unarudi Kariobangi. Sikuwa na jingine la kumwambia.

Kurudi

Walinipa kuku na mahindi mabichi, na kuku huyo ana hadithi yake na kondakta ambayo nitawapa kwa mdomo. Nilifika nyumbani nikamkuta Baba ameketi kitandani, uso umechongoka, harufu ya kidonda imejaa chumbani. Nilikuwa nimejipanga kumweleza habari ya mto na mguu wa Ulaya na yale yote. Aliuona mguu mkononi mwangu, hakuuliza kwa nini umerudi.

"Alikuwa anaogaje?"

Nikamwambia. Kigoda, kamba, maji upande wa mguu mzima. Akasikiliza akitikisa kichwa polepole, akarudia "kamba kwenye boriti" na kutazama dari letu.

"Alianguka?"

"Sana, Baba."

"Na akaamka?"

"Mpaka akazeeka."

Baadaye ndipo nilipomweleza kwamba babu hakumdhulumu mtu. Machozi yakamtoka, akayapangusa na shuka. Kisha akasema, "Mwambie Simiyu atafute gari. Twende hospitali."

Walimkata. Simiyu alichukua mguu wa Baba, akaupeleka nyumbani kwetu Bungoma, ukazikwa nyuma ya migomba. Unamngojea, na hatuna haraka. Yule fundi wa milango wa hapo nyuma ametutengenezea kigoda, na kamba imefungwa.

Sasa juzi jioni Baba alianza kutukana, yeye ambaye hajawahi kutukana. Kidole gumba kinamwasha, kile ambacho kiko Bungoma. Nikauteremsha mguu wa babu kutoka kabatini, nikaulaza kitandani pale ambapo wake ungekuwa. Nikaanza kukuna juu ya mikwaruzo ya Kukhu.

"Panda kidogo," akasema, macho ameyafumba. "Hapo. Hapo hapo."

Jana mchungaji alikuja kumwona, akaukuta bado kitandani chini ya blanketi moja na Baba, akauliza ni wa nani.

"Ni wangu," Baba akamwambia. "Baba alinichongea."